Kidole cha Baba Kwenye Kioo

Siku mama yangu aliponiambia kwamba baba amekufa, baba alikuwa mbele yangu anakula uji.

Alikuwa ameegemezwa mito kitandani, taulo shingoni, na kijiko nilikishika mimi. Ugonjwa wa kupooza ulikuwa umemchukua upande wote wa kulia, na sauti yake ukaenda nayo. Uji ukimtoka pembeni mwa mdomo naupangusa, namrudishia. Simu nilikuwa nimeibana kati ya bega na shavu, na ndani ya simu mama alikuwa analia kutoka Goma.

"Muniambie tu kweli," alisema. "Mi niko muntu mukubwa. Mulimuzika wapi?"

"Mama, baba iko hapa. Iko nakula."

"Iko nakula. Basi umupatie simu aseme."

"Hawezi kusema, mama. Nilikuambia. Kinywa ilifunga."

"Kinywa ilifunga!" Akacheka kicheko kibaya. "Ile maneno, mi njo nilikufundisha. Unataka kunifunza kazi yangu?"

Akakata simu. Baba alikuwa amefungua mdomo, anangoja kijiko kingine.

Mtu wa kwetu akifika hapa ameshaelewa. Wengine niwaeleze. Sisi watu wa Kivu ya Kaskazini ambao wazazi wetu waliletwa Lubumbashi na biashara, na majirani zetu wa Kasai vilevile, hatumtangazii msiba mtu aliye mbali. Haifanyiki. Ukimwambia kwa simu kwamba mzazi wake hayupo tena, ataanguka barabarani, utakuwa umeongeza maiti juu ya maiti. Kwa hiyo anaambiwa: mzee anaumwa sana, hawezi kusema, fanya uje. Anapanda gari na matumaini yake. Akifika anakuta turubai limefungwa uani na wanawake wameketi chini kwenye mikeka, ndipo anapopiga yowe.

Na katika ukoo wetu bingwa wa kazi hiyo alikuwa mama. Pakitokea kifo, simu anapewa yeye. Alikuwa na sauti inayofaa, tulivu, na hata kikohozi kidogo alijua akiweke wapi. Wajomba zangu wote walifika kwenye misiba yao salama salimini kwa sababu ya uongo wake, na walimshukuru. Sasa mwanamke wa namna hiyo umpigie umwambie, mama, baba hawezi kusema. Akuamini kwa lipi? Nilikuwa nasema kweli tupu, na kila neno la kweli hiyo yeye alishalitumia kumfichia mtu msiba.

Alikuwa amekwenda Goma kumzika dada yake mkubwa. Matanga hayajaisha, vita vikaingia mjini. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, na mama akabaki kwenye nyumba ya marehemu pamoja na mpangaji mmoja, mwanamke mwenye simu nzuri. Huku kwetu baba alikaa na redio mapajani mchana kutwa, hali chakula, hataki kuzungumza. Halafu asubuhi moja akainuka kitini, akaanguka, na hakuzungumza tena. Nilimwambia mama siku ileile. Nilidhani nafanya vizuri.

Angelia tu, ningevumilia. Lakini mama hakutaka kulia kule. Kwetu mke anamlilia mumewe mwenyewe. Anakaa chini mbele ya jeneza, anavuliwa kilemba na mawifi, anaonekana. Mke ambaye mumewe amezikwa yeye hayupo, watu watamsema hadi wajukuu wake wazeeke. Njia ya kuzungukia nchi za nje ilihitaji pasipoti, na yake ilikuwa imeisha zamani. Basi akapata njia nyingine: mashua hadi Bukavu, halafu kuteremka na wanawake wachuuzi, kwa malori na kwa miguu, katikati ya wenye bunduki wa kila aina, mpaka atakapotokea upande wa Katanga. Mama mwenye miguu inayovimba akienda sokoni tu. Wanawake waliokuwa wameshika njia hiyo tulikuwa tunasikia habari zao, na habari za wengine hatukuzisikia tena.

"Nakuya kumulilia bwana yangu," alisema. "Mukishafunga kaburi, nitalifungua."

Nilijua atakuja. Mama hakuwa mtu wa kutishia.

Unaweza kusema: si ungemwonyesha kwa video? Nilimwonyesha. Hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Simu yangu ilikuwa ndogo, kioo kimepasuka, na baba macho yake yalikuwa na ukungu; picha ya ukubwa wa kiganja yeye hakuiona hata kidogo. Nikaiinua juu ya uso wake, yeye akakodolea dari. Nikamwambia, baba, angalia, ni mama, akafumba macho kwa kuchoka. Wakati huohuo mtandao ukakwama, na picha ikasimama pale pale: uso umepinda upande mmoja, macho yamefumbwa, na taulo ya uji imepita chini ya kidevu.

Maiti kwetu tunaifunga taya kwa kitambaa. Kilichopita kidevuni mwa baba kilikuwa taulo ya uji, yenye maua ya njano, lakini huko Goma hakikuonekana hivyo. Nilisikia mama akipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe. "Mulimufunga kinywa! Munanionyesha maiti!" Baba akafumbua macho. Aliisikia sauti, aliitambua, na upande wake mzima ukaanza kutetemeka.

Tangu siku hiyo hakutaka video tena. Alituma neno moja tu kupitia mpangaji: mashua ikipatikana, anapanda.

Niliwakasirikia wote. Nilimkasirikia mama kwa ubishi wake, baba kwa kuanguka vibaya, vita, mtandao, mila yetu ya kudanganyana kwa upendo. Usiku silali, mchana nafoka. Shangazi yangu, mdogo wake baba, ambaye tulikaa naye mtaa wa Naviundu na ambaye hajawahi kukubaliana nami hata juu ya chumvi, aliniambia niache kupiga makelele, nimwombe Mungu. Nikamjibu kwamba Mungu anajua baba yu hai, anayehitaji kuambiwa ni mama.

Ndipo nikapata wazo. Mimi kazi yangu ni kuchapa kazi za wanafunzi wa chuo kikuu, zile za mwisho wa masomo. Wananiletea karatasi zilizojaa mishale na mafuta ya maandazi, mimi nawarudishia kurasa safi. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa imeungua, umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu, na wanafunzi walikuwa wananidai kazi zao. Kompyuta nilikuwa sina budi kununua. Na nilikumbuka mwanafunzi mmoja aliyewahi kuja na yake ndogo, ambayo kioo chake kinageuka nyuma kabisa mpaka inasimama yenyewe, na anaigusa kwa kidole tu. Mkono wa kushoto wa baba ulikuwa mzima. Kichwa chake pia. Alikuwa anagonga meza akitaka maji, na anagonga kwa nguvu zaidi nikichelewa. Kama kioo kingekuwa kikubwa cha kutosha aone, na kikasimama chenyewe mbele yake, angemjibu mama mwenyewe, kwa mkono wake.

"Machine!" shangazi alisema. "Muntu iko mu taabu ya kufa, we unafikiria paka machine, machine tu?"

Nikachukua akiba niliyoiwekea paa la nyumba, nikaenda mjini.

Mji ulikuwa umeingiwa na hofu wakati ule. Kila mtu alikuwa na binamu aliyesikia kwamba wapiganaji wanateremka kusini, kwamba kesho kutwa watafika. Unga ulipanda bei kabla ya saa sita na ukapanda tena jioni. Wenye uwezo walikuwa wanapeleka familia zao Zambia kupitia Kipushi, wengine wanagombania viti vya ndege Luano. Na sisi wa Kivu tulianza kuangaliwa. Mwanamke niliyezoea kununua kwake nyanya miaka nenda rudi aliniuliza, kwa upole kabisa, ndugu zangu wa kule wanatutakia nini. Nilizaliwa Lubumbashi mimi. Nilinunua nyanya zake nikaenda.

Duka nililoingia lilikuwa la mtu wa kwetu, mwenye kuleta mashine kutoka Dubai. Nusu ya rafu ilikuwa tupu, na makatoni yamefungwa kwa utepe yamesimama mlangoni. Alikuwa anafunga virago naye. Kwanza alinionyesha kompyuta kubwa nzito zilizokwishatumika Ulaya. Nikazikataa. Nikamwambia nataka ile inayogeuka, ya kugusa.

"Tactile? Ya kukunja?" alisema. "Mama, bantu wako nakimbia, we unatafuta tactile?"

Akaingia nyuma, akatoka na moja. Ndogo, ya kijivu, nyembamba kama sahani. Mwenyewe aliyeiagiza alikuwa ameshavuka mpaka. Herufi zake zilikuwa za Kiingereza, na kando ya kila herufi kuna ya Kiarabu; mimi vidole vyangu vimezoea mpangilio wa Kifaransa, nilijua nitateseka. Sikujali. Nikaigeuza kioo nyuma, nikaisimamisha kwenye kaunta kama hema dogo, kibao cha herufi kimejificha kwa nyuma. Halafu nikafanya nililokuja kufanya. Nikajiegemeza kando, nikauacha mkono wa kulia unining'inie, nikafinya macho mpaka duka likawa ukungu, nikanyoosha kidole cha kushoto. Nilitaka kujua baba ataona nini.

Muuzaji alirudi nyuma hatua moja. "Mama, unaumwa?"

Nikamweleza. Nilianza kwa sauti ya kawaida na nikamaliza nalia, aibu tupu, mbele ya makatoni yake. Nilimwambia juu ya taulo, juu ya mashua. Alinisikiliza huku anazungusha utepe wake mkononi.

"Mi nilimwambia dada yangu vile vile," alisema mwishowe. "Baba iko mugonjwa, hawezi kusema, ukuye. Lakini ya miye, baba alikuwa alisha kufa." Akakata utepe kwa meno. "Mama yako iko na haki, unajua."

"Njo ile inaniua."

Hatukubishana bei. Alitaja bei ambayo haikuwa bei, nikaikubali. Akaketi akaiwekea kila kitu: akaandaa video, akakuza maandishi mpaka herufi zikawa kubwa kama vifungo vya koti, akanionyesha jinsi kibao cha herufi kinavyojitokeza kwenye kioo chenyewe. Alinionya juu ya bawaba. "Uangalie hii, kufungua na kufunga polepole. Njo kitu inakufaka mbele." Nilipotoka alikuwa amerudi kwenye makatoni yake.

Niliificha ndani ya mfuko wa unga, chini ya unga wenyewe. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akanisikia lafudhi akaniambia, "Weye ni muntu ya kule," akaingiza mkono mfukoni, akautoa mweupe hadi kiwiko, akapangusa kwenye suruali na kunitukana. Nikamshukuru kama vile amenibariki.

Nyumbani shangazi alitaka kwanza aitwe mchungaji aiombee, kitu kipya hakitumiwi hivihivi. Nikamwambia mchungaji atakuja mama akishatulia. Nikaweka meza ya kulia chakula kitandani juu ya miguu ya baba, nikaisimamisha mashine. Nikamwona anaiona. Jicho lake zuri lilitembea kutoka pembe moja hadi nyingine, akatoa sauti ya koo, ile aliyokuwa akiitoa zamani mbele ya lori jipya.

"Uguse, baba. Hapa."

Akagusa. Hakuna kitu. Akagusa tena, akagonga, akagonga kama anagonga mlango wa mtu anayemdai. Hakuna. Nikagusa mimi, herufi ikatokea. Akagusa yeye, kioo kimekaa kimya kama hajazaliwa. Nikamshika kidole nikamgusisha. Hakuna.

Baba alikuwa ameendesha lori tangu ujana, na baadaye kubeba mizigo yake mwenyewe kwa kuogopa kuibiwa. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa ngumu, kavu, imepasuka kama udongo wa kiangazi. Kioo kile kilitaka kidole cha mwanafunzi. Mkono wa mtu aliyefanya kazi hakikuujua. Aligonga mpaka mkono ukachoka, akauangusha kwenye shuka, akageuza uso ukutani. Nami jioni ile nilikuwa nimepata ujumbe wa mpangaji: mashua imepatikana, kesho asubuhi.

Sijui kama nimewahi kukata tamaa namna ile, kabla wala baadaye. Niliketi sakafuni nimeegemea kitanda. Akiba imekwenda, mama anakwenda, na mbele yangu kitu cha kijivu kinang'aa bure. Nilifikiri, nitamsubiri mama afike au nisubiri habari kwamba hakufika, na baba atakuwa hai muda wote huo, na hatasaidia lolote kuwa hai.

Chakula kilikuwa tayari, na kwetu mgonjwa hali bukari, ugali wetu, bila kunawa, hata ukimlisha wewe. Shangazi akaleta beseni la maji ya moto, akauzamisha mkono wa kaka yake, akaukanda taratibu, kidole kwa kidole, kama alivyofanya kila jioni. Safari hii alikawia. Nadhani alikuwa analia naye, hakutaka nimwone. Alipoutoa mkono, bado una maji, baba akaupitisha juu ya meza kutafuta chakula, na kidole kikapita kwenye kioo.

Herufi zikajaza kioo. Herufi kumi, ishirini, zote moja, zinakimbizana.

Shangazi akapiga kelele. Mimi nikainuka. Tukamkausha kidogo, tukampaka mafuta, tukajaribu tena: kioo kikamsikia. Ngozi ikilainika, kinamsikia, ikikauka, kinamsahau. Chakula kikapoa. Shangazi akaliweka beseni magotini na akakataa kuondoka.

Nikampigia mpangaji. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, lakini mashine ilikuwa na chaji ya dukani, na mtandao nikautoa kwenye simu. Uso wa mpangaji ukatokea, mkubwa, unaonekana hata na baba. Nikamwomba amwite mama. Tukasikia sauti yake kwa nyuma.

"Mi sitaki kuona maiti tena. Mubaache wafu balale."

"Mama, ukuye kidogo tu. Kama minakudanganya, upande mashua."

"Nitaipanda, na wewe usiniombe ruhusa."

Lakini mpangaji, Mungu ambariki, alikuwa mwanamke asiyeomba ruhusa pia. Alimgeuzia mama simu usoni. Mama alikuwa amejifunga kitenge cha safari. Amekonda. Alituangalia mara moja na kuangalia pembeni, na nilijua alichokiona: uso ule uliopinda, macho yale ya ukungu. Mama alikuwa ameshafumba macho.

Wakati huo baba alimwona. Hakuna aliyemwelekeza. Aliunyoosha mkono wa kushoto kwenda kwa mke wake, moja kwa moja, kumgusa, nadhani alisahau kabisa habari ya herufi. Mkono ukaja mbele, kidole kikakaribia jicho la mashine, kikawa kikubwa, kikaziba kila kitu. Goma hawakuona tena uso, wala chumba, wala mimi. Waliona kidole.

"Ngoja," mama alisema, amefumbua macho.

Kidole kikabakia palepale.

"Ngoja, ngoja. Usitoe! Ile kidole..." Akasogea karibu. "Mulango ya camion, ile lori yake, njo ilikipindisha, kule Kasumbalesa. Mi njo nilikifunga, na kitambaa yangu. Nilikifunga mubaya, kikabakia vile." Alikuwa ameishika simu ya mpangaji kwa mikono miwili. "Bwana yangu. Ni weye?"

Baba akatoa sauti ya koo. Halafu shangazi akaulowanisha mkono wake, akausogeza, na baba akaanza kutafuta herufi. Ilichukua muda mrefu. Alikosea, akafuta kila kitu, akaanza upya, jasho linamtoka kipajini, na sote tukamngoja, Naviundu na Goma. Neno lilipokamilika nilimbonyezea litumwe, na tukasikia simu ya kule inalia. Mama akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa shule.

USIKUYE.

Mama alijipiga mapaja, analia, anacheka, kitenge kinamfunguka. "Munaona! Kinywa imefunga na bado iko natuma bantu!" Akamwambia mpangaji, akamwambia shangazi, akawaambia majirani waliokuwa wamejaa mlangoni: huyu mwanaume, hata akifa atarudi kutoa amri. Baba alicheka kwa upande wake mmoja. Mimi nilitoka uani nikalia peke yangu mpaka nikatapika.

Mashua ilikwenda bila mama.

Baada ya hapo mashine ikawa ya kila siku. Asubuhi ilikuwa yangu: naigeuza iwe kompyuta ya kawaida, nachapa kazi za wanafunzi kwenye herufi zisizo za kwetu, natukana kila ninapotafuta alama za Kifaransa. Mchana, mkono wa baba ukishanawa, naisimamisha mbele yake. Alimwandikia mama neno moja au mawili. Umekula. Funga mlango. Mara moja aliandika jina alilokuwa akimwita walipokuwa vijana, ambalo hatukulijua, na mama akafunika uso kwa kitenge na kukataa kutufasiria. Kioo kilikuwa na alama za bukari na mafuta muda wote. Mama alianza kunigombeza kwa nini sijamnyoa, kwa nini shuka ni ileile. Ukitaka kujua kama mtu amekuamini, ngoja akugombeze juu ya shuka.

Njia haikufunguka. Tulikuwa tunasikia kila juma kwamba inakaribia kufunguka.

Baba alikufa asubuhi, wakati shangazi anachemsha maji. Alikohoa, akanishika mkono kwa ule wake wa kushoto, ukalegea. Nilimwita muda mrefu. Shangazi alikuja na beseni, akaliweka chini polepole, na ndiye aliyetafuta kitambaa cha kumfunga taya.

Kabla turubai halijafungwa uani, alifunga lango na kuwakusanya watu wote kwenye ua. Hakuna picha, alisema. Hakuna kuandika chochote kwenye simu, hakuna picha ya mshumaa, hakuna maneno ya pole mahali ambapo mtu wa Goma anaweza kuyaona. Atakayethubutu asije kwake tena akiwa hai. Niligombana naye jikoni, kwa kunong'ona. Nilimwambia nilishamwapia mama kwamba simdanganyi. Nilimwambia nilitumia kila nilichokuwa nacho ili mama asiwe mtu wa kudanganywa, na sasa nimdanganye?

"Ukimwambia leo," alisema, "kesho iko mu mashua. Utazika babili."

Nikaiweka simu mfukoni. Tulimzika baba mvua inanyesha, na mahali pa mke, mbele ya jeneza, alikaa shangazi.

Siku iliyofuata, mchana, saa ya baba na mama, mashine ikaanza kulia. Nilikuwa nimekaa nayo chumbani, kitanda kimeshatandikwa. Niliiacha ilie. Ikakata, ikalia tena. Nikanawa uso, nikavua kitambaa cheusi kichwani, nikaigeuza mashine ielekee ukutani ili kitanda kisionekane. Nikapokea.

Mama alikuwa amejipaka mafuta, amevaa kilemba kizuri. Alijiandaa kwa ajili ya baba.

"Baba yako iko wapi?"

"Iko nalala, mama."

Nikangoja. Nilimjua. Nilijua anavyoweza kusikia kifo ndani ya pumzi ya mtu, huyu aliyekuwa amewapeleka ndugu zake wote kwenye misiba yao kwa sauti tulivu. Nilingoja yowe lile, na sehemu moja ya moyo wangu ililitaka, ilimwomba alipige, anishike, aniambie mimi ni mwongo, ili niweze kulia naye.

Aliniangalia kidogo.

"Alikula?"

"Alikula."

"Basi umuache alale," mama alisema, akalegeza kilemba chake na kukaa vizuri. "Zamani ningesema munanidanganya."

Kisha akaniuliza kama mvua zimeanza huko kwetu, nikamwambia zimeanza.